Jani la muwa limemchoma kijana wangu jichoni na sasa kuna doa jeupe: naomba ushauri

MamaMuhoroni (Jumamosi, saa tatu usiku)

Wapendwa wasomaji, naomba ushauri wenu, na iwapo kuna mtaalamu wa macho miongoni mwenu namsihi asome habari hii hadi mwisho.

Kijana wangu ana umri wa miaka 23 na hukata miwa katika mashamba ya huku kwetu Muhoroni. Jumatano ya wiki iliyopita, alipoinama kukata shina, jani la muwa lilimpiga jicho la kushoto. Anasema lilimchoma mara moja tu kama sindano. Alilisugua, akalinawa kwa maji ya mtungi waliokuwa wakinywa, kisha akaendelea na kazi hadi jioni, kwa kuwa wakataji hulipwa kwa tani na mtu akiacha sehemu yake hupewa mwingine.

Usiku ule jicho lilitoa machozi mfululizo, naye akahisi kana kwamba kuna mchanga chini ya ukope. Asubuhi yake jirani yangu anayenyonyesha alimdondoshea matone ya maziwa yake, jambo ambalo mama yangu mzazi alitufanyia sisi sote tulipokuwa wadogo, nami sikuona ubaya wowote. Ijumaa nilikwenda duka la dawa, nikaeleza kwamba kijana ana jicho jekundu, nikauziwa chupa ndogo ya matone bila mtu yeyote kuuliza limeumiaje wala kuomba kulitazama. Nakiri kwamba kwa siku mbili za kwanza tulifurahi, kwa sababu wekundu ulipungua na maumivu yakatulia hata akarudi shambani Jumatatu. Jumanne maumivu yakarudi yakiwa makali zaidi, na tangu hapo hawezi kuvumilia mwanga. Hushinda amejifunika shuka usoni. Alhamisi niliona doa jeupe katikati ya jicho, na leo doa hilo limefika ukubwa wa punje ya mtama. Nikimwonyesha vidole vyangu kwa umbali wa hatua mbili, hawezi kuvihesabu kwa jicho hilo.

Nimesoma maandishi ya kwenye chupa, nami naona majina mawili, deksamethasoni na neomisini. Maswali yangu ni haya. Je, tunaweza kusubiri hadi Jumatatu kliniki ya macho itakapofunguliwa? Je, tuongeze idadi ya matone, au tuyaache? Na je, doa hilo ni mtoto wa jicho, kama anavyosema shemeji yangu, au ni kitu kingine?

TabibuWaMacho (Jumamosi, saa tatu na nusu usiku)

Mama, pole sana wewe na kijana. Mimi ni afisa wa kliniki niliyesomea magonjwa ya macho, nami nafanya kazi katika kaunti ya Kakamega. Siwezi kulitibu jicho ambalo sijaliona, lakini haya uliyoyaeleza yanatosha kunifanya nikujibu bila kusita: msingoje Jumatatu. Idara ya dharura ya hospitali ya rufaa haifungwi Jumapili, na kutoka Muhoroni njia yenu ya karibu ni kwenda Kisumu. Ondokeni alfajiri kwa matatu ya kwanza, na ikiwa mna usafiri wa kuaminika usiku huu, ondokeni usiku huu.

Acheni matone hayo sasa hivi, ila msiitupe chupa. Ibebeni, pamoja na karatasi mliyoandika kila kitu kilichotiwa katika jicho hilo na siku kilipotiwa, maziwa yakiwemo. Mtu asione aibu kuyataja, kwa maana daktari akijua ukweli wote atatafuta vimelea mahali panapostahili. Jicho lisifungwe kwa kitambaa wala bendeji, kwa kuwa jicho lenye maambukizi likifungwa hupata joto na unyevu ambao vimelea huupenda. Avae kofia yenye ukingo mpana au miwani ya jua ili kupunguza mwanga, na anaweza kumeza parasetamoli kwa ajili ya maumivu. Asilisugue hata kidogo, wala mtu yeyote asijaribu kulifuta doa hilo kwa pamba.

Huyo shemeji yako haelekei kuwa amepatia. Mtoto wa jicho hutokea katika lenzi, nyuma ya mboni, na kwa kawaida hauumi wala haulifanyi jicho kuwa jekundu. Doa jeupe linalotokea siku chache baada ya jicho kuumia, likiambatana na maumivu, machozi na kuchukia mwanga, ni kidonda cha konea mpaka ithibitishwe vinginevyo. Konea ni ile ngozi angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Haina mishipa ya damu, na ndiyo sababu inang'aa, lakini kwa sababu hiyohiyo askari wa mwili hufika pale kwa kuchelewa. Tabaka lake la juu likikwaruzwa, vimelea hupata mlango.

Jani la muwa, la mahindi au la mpunga halichomi tu, hupanda pia. Juu ya majani, na hasa katika mabaki makavu ya shambani, huishi kuvu, yaani fangasi, na aina mbili zinazopatikana mara kwa mara katika vidonda vya wakulima ni Fusarium na Aspergillus. Fangasi hawana haraka kama bakteria. Bakteria wanaweza kuharibu jicho kwa siku moja au mbili, ilhali fangasi wanaweza kukaa siku kadhaa hata wiki wakijipenyeza polepole, na mgonjwa akadhani kwamba ni mkwaruzo unaopona.

Sasa nieleze kuhusu yale matone, kwa sababu naona hapa ndipo watu wengi wa magharibi mwa Kenya wanapopotezea macho yao. Deksamethasoni ni steroidi. Kazi yake ni kuutuliza mwili usiwake. Wekundu hupungua, maumivu hupungua, na mgonjwa husema amepona. Lakini wekundu ule ulikuwa ni mwili ukipigana. Steroidi imewaondoa walinzi langoni huku mwizi akiwa tayari ndani ya nyumba. Neomisini iliyochanganywa humo huua baadhi ya bakteria tu, wala haigusi fangasi. Ndiyo sababu mliona nafuu ya siku mbili kisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mkifika hospitalini, ombeni aonwe na mtu wa macho. Atapimwa uwezo wa kuona, atatiwa rangi ya fluoresini ambayo huonyesha kidonda kwa rangi ya kijani chini ya mwanga wa samawati, kisha atatiwa dawa ya ganzi na kidonda kukwanguliwa kidogo ili vipande vyake vikatazamwe kwa hadubini. Msiogope kukwanguliwa huko. Kusipofanywa, daktari hulazimika kubahatisha kati ya bakteria, fangasi na virusi, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Kubalini pia apimwe kisukari na virusi vya ukimwi, kwa kuwa hali hizo mbili hupunguza uwezo wa mwili wa kukabiliana na vidonda vya namna hii.

MzeeWaNzoia (Jumamosi, saa nne usiku)

Mama, nakusihi umsikilize tabibu. Mimi ni mkulima wa miwa upande wa Bungoma na ninaona kwa jicho moja. Mwaka 2016 nilichomwa jicho la kulia, nami nilifanya yote uliyoyafanya, kisha nikazidisha kwa kutiwa maji ya majani yaliyopondwa na mzee mmoja aliyesifika sana kijijini. Sikufika hospitalini hadi siku ya ishirini. Waliniambia tayari kulikuwa na usaha ndani ya jicho, umetuama chini kama maji ya ndimu ndani ya glasi.

Lakini jambo ninalotaka kukueleza hasa si kuchelewa kwangu, maana hilo umekwisha kulisikia. Nataka kukueleza habari ya dawa. Nilipewa matone ya kuua fangasi, nikaambiwa niyatie kila saa moja, mchana na usiku. Mke wangu aliweka kengele ya simu, akaamka kila saa kwa usiku tatu mfululizo hadi akaanza kusinzia akiwa ameketi jikoni. Siku ya kumi maumivu yalikwisha. Nikajiona nimepona, na chupa ilipokwisha sikununua nyingine, kwa sababu bei yake ilinishinda na kwa sababu jicho halikuniuma tena. Baada ya wiki mbili ugonjwa ukarejea, na safari hiyo konea ikatoboka. Daktari alinieleza kwa upole kwamba fangasi walikuwa bado wamo ndani, wamelala tu.

Kwa hiyo kijana wako akianza kutabasamu siku ya kumi, usiruhusu tabasamu hilo liwe sababu ya kuacha dawa. Pangeni zamu za usiku tangu sasa, watu wawili au watatu, ili asiwepo mmoja anayechoka peke yake.

MwalimuKibos (Jumapili, saa mbili asubuhi)

Naheshimu mchango wa tabibu, ila nina shaka moja ambayo nadhani wasomaji wengine wanayo pia. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na matone niliyopewa na daktari bingwa kwa wiki kadhaa yalikuwa hayohayo ya deksamethasoni. Nilipona vizuri sana. Je, haitakuwa hatari kuwatia watu hofu kuhusu dawa ambayo hospitali zenyewe zinaitumia? Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akisoma hapa anaweza kuacha dawa yake.

TabibuWaMacho (Jumapili, saa tatu asubuhi)

Mwalimu, umeuliza swali la maana, nami nakushukuru kwa kuwakumbuka waliopasuliwa. Aliyeandikiwa steroidi na mtaalamu aliyelichunguza jicho lake asiiache, wala asiipunguze kwa hiari yake. Baada ya upasuaji jicho huwaka kwa sababu ya kisu, si kwa sababu ya vimelea, na kuwaka huko kusipotulizwa huleta madhara yake. Isitoshe, katika magonjwa fulani ya maambukizi sisi wenyewe huiongeza steroidi, lakini baada ya dawa ya kuua vimelea kutangulia, na kwa kumwangalia mgonjwa kwa darubini ya kuchunguzia macho kila baada ya siku chache.

Ninachokipinga ni chupa hiyo kuuzwa dukani kwa kila mwenye jicho jekundu. Muuzaji hana darubini wala rangi ya fluoresini, hivyo hawezi kujua iwapo konea ina mkwaruzo, fangasi, au virusi vya herpesi ambavyo navyo hustawi sana chini ya steroidi. Hata jicho lisilo na kidonda likitiwa steroidi kwa miezi linaweza kupanda shinikizo la ndani na kupata glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya kuona, bila mwenyewe kuhisi chochote. Kanuni ninayowapa wagonjwa wangu ni fupi: kabla ya kulipia matone, tafuta kwenye kasha majina yanayoishia na "soni" au "soloni", kama vile deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni, na ukiyaona, usinunue bila karatasi ya mtu aliyelipima jicho lako.

MamaMuhoroni (Jumatatu, saa kumi na moja jioni)

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Tuliondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri na tumelazwa Kisumu. Walimkwangua jana hiyohiyo, na leo asubuhi daktari alituambia kwamba chini ya hadubini zimeonekana nyuzi za fangasi. Aliniita nikatazame mwenyewe. Kingo za kidonda si laini, zina manyoya kama ya unyoya wa kuku, na pembeni yake kuna vidoa viwili vidogo vinavyojitenga. Akasema sura hiyo ndiyo iliyomfanya ashuku fangasi hata kabla ya majibu. Kuna usaha kidogo ndani lakini konea haijatoboka. Kisukari hana, na kipimo kile kingine kimetoka vizuri.

Ameandikiwa natamisini ya asilimia 5, matone ya kuua fangasi, kila saa, mchana na usiku, pamoja na atropini mara mbili kwa siku. Natamisini haikuwepo kwenye duka la hospitali leo. Shemeji amezunguka mjini kutwa nzima, akaipata katika duka la tatu, na bei yake ni sawa na malipo ya siku kadhaa za kukata miwa. Nimeambiwa tutahitaji chupa zaidi ya moja. Nina maswali mawili. Atropini ni ya nini, ikiwa haiui fangasi? Tangu imetiwa, mboni imepanuka na anasema anaona ukungu zaidi, nami nimeingiwa na hofu. Na je, doa litaondoka kabisa?

TabibuWaMacho (Jumatatu, saa mbili usiku)

Mama, hongera kwa kuondoka alfajiri. Konea ambayo haijatoboka ina nafasi ya kuokolewa, nami nimefurahi kusikia hivyo.

Atropini hailengi fangasi. Ndani ya jicho kuna misuli midogo ambayo, jicho likiwaka, hukakamaa na kuleta yale maumivu mazito ya kwenye paji la uso. Atropini huilegeza, na pia huizuia mboni isigandamane na lenzi iliyo nyuma yake. Kupanuka kwa mboni na ukungu unaoletwa nako ni kazi ya dawa, na vitaisha siku kadhaa baada ya dawa kusimamishwa.

Kuhusu natamisini, itikiseni chupa vizuri kila mara kabla ya kutia. Dawa hii haiyeyuki majini. Chembe zake hutuama chini ya chupa, na asiyetikisa humtia mgonjwa maji matupu kwa siku za kwanza kisha akamtia uji mzito mwishoni. Mtaona utando mweupe wa dawa umebaki juu ya kidonda au pembeni mwa jicho. Si usaha, msiukwangue. Anayetia anawe mikono kwa sabuni, avute ukope wa chini, adondoshe tone moja ndani ya mfuko wake, na ncha ya chupa isiguse kope wala ngozi. Kati ya dawa moja na nyingine zipite dakika tano, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Matone ya kila saa hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari baada ya kuona kidonda kinajifunga, na matibabu kwa jumla huchukua wiki tatu hadi sita, wakati mwingine zaidi. Alivyosema Mzee wa Nzoia ndivyo hasa ilivyo, na ningependa maneno yake yabandikwe ukutani katika kila wodi ya macho.

Uliuliza kama doa litaondoka kabisa. Sitakudanganya. Kidonda kilichoingia ndani ya konea huacha kovu, na lenu lipo karibu na katikati. Litapungua na kuwa jembamba kwa miezi mingi, lakini yaelekea sehemu fulani ya uwezo wa kuona haitarudi. Lengo la sasa ni kuua fangasi wote na kulinda umbo la jicho. Habari ya miwani, au ya kubadilishiwa konea iwapo itahitajika, huzungumzwa baadaye sana, jicho likiwa limetulia.

Kuhusu upatikanaji wa dawa, uchungu wako ni wetu pia sisi watoa huduma. Shirika la Afya Duniani liliiweka natamisini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, na bado katika maeneo ya wakulima, ambako ndiko inakohitajika, mgonjwa huitafuta kama anayetafuta sindano gizani. Nunueni chupa ya pili kabla ya ya kwanza kwisha. Mkishindwa, waulizeni hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, ambayo hupokea wagonjwa wengi wa namna hii kutoka magharibi yote.

MnyaparaChemelil (Jumanne, saa moja jioni)

Nimeyasoma haya yote nikiwa na huzuni, maana mimi husimamia kikundi cha wakataji thelathini na mbili, na kila msimu huwa na macho mawili au matatu yaliyochomwa. Nilikuwa nawaambia wanawe maji tu na warudi kazini. Niliwahi kuwatafutia miwani ya plastiki, lakini kwa joto la hapa hupata mvuke baada ya dakika kumi, na mkataji asiyeona panga lake ni hatari kwa mguu wake na wa mwenzake. Wakazivua. Naomba mnieleze ni nini hasa niwe nacho shambani, kwa gharama ambayo kikundi kinaweza kuibeba.

TabibuWaMacho (Jumanne, saa tatu usiku)

Ndugu Mnyapara, swali lako lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu wewe unaweza kulifikia jicho kabla sisi hatujaliona.

Katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepali, watafiti waliwafundisha wahudumu wa kujitolea wa vijijini kuwatafuta watu walioumia macho na kuwapa wenye mkwaruzo wa konea mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya watu 442 waliokuwa na mkwaruzo, asilimia 96 walipona bila kupata kidonda. Wote walioanza kupakwa ndani ya saa 18 walipona. Vidonda viliwapata wale waliochelewa zaidi ya hapo. Naomba uitazame sana hiyo saa ya kumi na nane. Mtu aliyechomwa saa tatu asubuhi ana hadi saa tisa usiku. Tyubu ya mafuta hayo ni rahisi na hupatikana karibu kila duka la dawa, na haina steroidi ndani yake, ingawa mnapaswa kusoma kasha kila mara ili kuhakikisha.

Fanyeni hivi. Aliyechomwa asilisugue jicho. Alisafishe kwa maji safi mengi yanayotiririka, yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa, si ya mtaro wala ya mtungi ambao kila mmoja ameuingizia kikombe. Akiwa na kijiti au kitu kilichochomeka ndani, kisivutwe. Apelekwe hospitali kilivyo. Kama hakuna kilichochomeka na anaona kama kawaida, apakwe mafuta, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na wewe mwenyewe ulitazame jicho lake kila asubuhi kwa siku tatu. Asubuhi ambayo utaona doa jeupe, au atakwambia maumivu yamezidi badala ya kupungua, au hawezi kuhesabu vidole, mpeleke palipo na mtaalamu wa macho bila kujaribu dawa nyingine. Kloramfenikoli haiui fangasi. Huzuia bakteria huku ngozi ya konea ikijifunga, na ngozi iliyojifunga upesi humnyima kila kimelea mlango. Kidonda kikishaota, mafuta hayo peke yake hayatoshi.

Kuhusu miwani, naafiki malalamiko ya vijana wako. Jaribu ile yenye wavu wa waya badala ya plastiki. Haipati mvuke, ingawa haizuii vumbi, na kwa jani linalopiga inatosha. Iliyo wazi pembeni na inayoruhusu hewa kupita ni bora kuliko iliyozibwa kote ambayo itaishia mfukoni. Zungumza pia na wahudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu; wao hupita nyumbani jioni, na wakijua kuuliza "nani amechomwa jichoni leo?" watakupunguzia mzigo.

DadaWaNakuru (Jumatano, saa sita mchana)

Samahani kwa kuingilia kati, ila mada hii imenigusa. Natumia dawa za kupunguza makali ya virusi, na tangu juzi nina malengelenge upande mmoja wa paji la uso, yanayochoma kama moto na yamefika kwenye ukope. Nyanya anasema ni mkanda wa jeshi na kwamba nipake dawa ya meno na majivu. Jicho lenyewe ni jekundu kidogo tu. Je, kuna hatari?

TabibuWaMacho (Jumatano, saa saba mchana)

Dada, ipo, na nenda hospitali leo. Mkanda wa jeshi ukishuka kwenye neva ya paji la uso unaweza kuingia ndani ya jicho, na usaha au jicho jekundu sana si lazima vitangulie. Jitazame kwenye kioo: ukiona lengelenge kwenye ncha ya pua, uwezekano wa jicho kuhusika ni mkubwa, kwa kuwa tawi moja la neva huhudumia sehemu zote mbili, ingawa kukosekana kwake hakukupi usalama. Dawa yake ni asikloviri ya kumeza, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba hadi kumi, lakini figo zako zizingatiwe na mtu wa kliniki anayekufahamu, na manufaa yake huwa makubwa ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Kwa hesabu yako, saa hizo zinakwisha. Usiache dawa zako za kila siku, usipake majivu wala dawa ya meno, na mwombe Nyanya akusindikize. Nia yake ni njema. Ukianza kuona vitu vyeusi vinavyoelea au pazia mbele ya jicho, sasa au siku za usoni, hata kama hakuna maumivu, waambie siku hiyohiyo ili nyuma ya jicho pachunguzwe.

DadaWaNakuru (Jumatano, saa mbili usiku)

Nimeanza asikloviri leo saa tisa. Lengelenge la puani lilikuwepo, nami nilikuwa nimelidhania chunusi. Kesho naonwa na daktari wa macho.

MamaMuhoroni (Jumapili, wiki ya nne)

Niliahidi kurudi. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku kumi na mbili, na tunarudi kliniki kila wiki. Usaha wa ndani umekwisha, kidonda kimejifunga, na kwenye ubao wa herufi anasoma mstari wa juu kabisa kwa jicho hilo, ambao mwanzo hakuuona. Kovu lipo. Siku ya tisa aliniambia haumwi tena na akaomba tupumzike usiku. Nilimsomea maneno ya Mzee wa Nzoia kutoka kwenye simu, naye akanyamaza, akainua uso ili atiwe tone. Sasa tunatia kila baada ya saa nne, na tuko kwenye chupa ya nne.

Jirani yangu anayenyonyesha alilia aliposikia, nikamwambia sote hatukujua. Ijumaa tulikwenda naye pamoja kwa Mnyapara wa kikundi cha kijana wangu, tukiwa na tyubu mbili za kloramfenikoli na dumu la maji yaliyochemshwa. Amelitundika kwenye mti palipo na kivuli, na chini yake ameandika kwa makaa kwenye kipande cha mbao: "Ukichomwa jichoni, njoo hapa kwanza."